Mama mchungaji aliyefungwa ngomeni: kisa cha ndoa ya St. Thomas, 1738

Tarehe 4 Mei 1738, katika kisiwa cha St. Thomas, koloni la Wadenmark kwenye bahari ya Karibi, Friedrich Martin alimfungisha ndoa mwenzake wa kazi, Matthäus Freundlich, na msichana chotara aitwaye Rebecca mwenye umri wa miaka ishirini hivi. Martin na Freundlich walikuwa Wamoraviani kutoka Ujerumani, waumini wa kanisa dogo la Kiprotestanti. Rebecca alizaliwa utumwani, akaachwa huru, na alikuwa mwalimu. Miezi mitano baadaye wote watatu walikuwa mahabusu ndani ya Fort Christian, ile ngome nyekundu ya bandarini, na Rebecca akitishiwa jambo ambalo mume wake asingeweza kutishiwa: kuuzwa.

Kwa Mmoraviani wa Mbeya, Rungwe au Tabora, kisa hiki ni cha nyumbani kuliko ramani inavyoonyesha. Kanisa lililowatuma Martin na Freundlich ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891, na leo hakuna nchi yenye Wamoraviani wengi kama Tanzania. Mimi nimekulia nyumba ya mchungaji. Nimehamishwa ushirika hadi ushirika, masufuria yakigongana nyuma ya lori, na nimemwona mama akishuka mahali pageni asubuhi, na jua halijazama ameshajua kisima kiko wapi, nani mgonjwa, na nani hasemeshani na nani. Baba alikuwa na barua ya uhamisho; aliyehamia hasa alikuwa mama. Ndiyo maana nikisoma habari za St. Thomas jicho langu halikai kwa wale wanaume ambao vitabu vya kanisa vinawasifu. Linakaa kwa Rebecca.

Swali la kisa hiki ni dogo ukilitazama: kwa nini ndoa ya watu wawili wazima waliokubaliana, iliyofungwa mbele ya Mungu na mashahidi, igeuke kesi? Ili kulijibu lazima turudi nyuma miaka sita.

Mfinyanzi aliyekosa udongo

Chanzo cha misheni ya St. Thomas ni mtu ambaye husahaulika kwenye mahubiri. Aliitwa Anton, mtumishi mweusi wa bwana mmoja mkubwa wa Copenhagen, aliyetokea St. Thomas na kuwaacha huko dada yake Anna na kaka yake Abraham. Mwaka 1731 kabaila Nikolaus von Zinzendorf, mlezi wa Wamoraviani, alikutana naye kwenye sherehe za kutawazwa mfalme Christian VI. Anton akaenda hadi Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani huko Saxony, Ujerumani, akasimulia habari za ndugu zake. Akaonya pia: watumwa wanafanyishwa kazi kutwa, hivyo anayetaka kuwafundisha huenda ikambidi awe mtumwa pamoja nao.

Onyo hilo ndilo lililozaa hadithi inayopendwa sana kwenye mimbari zetu, kwamba wamisionari wa kwanza walijiuza utumwani. Hawakujiuza. Walikuwa tayari, hilo ni kweli, lakini waliambiwa mapema kwamba kule mzungu hawezi kuwa mtumwa. Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut tarehe 21 Agosti 1732 wakashuka St. Thomas tarehe 13 Desemba, wakitegemea kula kwa kazi ya mikono yao. Seremala akapata kazi. Mfinyanzi akakosa udongo. Ule wa kisiwani haukufaa kwa vyungu vyake. Baada ya miezi michache Nitschmann alirudi kwa mkewe na watoto kama walivyopatana tangu mwanzo, na Dober akabaki na ufundi usio na malighafi.

Hapa kuna jambo ambalo mtoto yeyote wa mchungaji analijua. Ukifika mahali ukiwa huna shamba, huna duka wala ukoo, utakula mezani kwa mtu, na meza ya mtu ina masharti hata kama hayasemwi. Gavana Philip Gardelin alimchukua Dober awe msimamizi wa nyumba yake. Dober akala vizuri, akavaa vizuri, akaona haya. Alikuwa amekuja kuishi na watumwa, na sasa alikaa upande ule ambao watumwa waliuona kwa mbali tu. Akaacha. Akaenda kulinda usiku mjini na kusimamia kazi kwenye shamba la pamba, maisha ya dhiki, mpaka alipoitwa kurudi Ulaya mwaka 1734.

Na Gardelin hakuwa mwenyeji wa kawaida. Septemba 1733 alitoa sheria ya kuwatisha watumwa: mtoro akatwe mguu mmoja, au bwana wake akimhurumia, akatwe sikio moja na kuchapwa viboko 150. Novemba mwaka huohuo watumwa wa kisiwa jirani cha St. John, wengi wao Waakwamu kutoka Gold Coast (Ghana ya leo), waliteka ngome na kushika sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi kadhaa, hadi askari wa Kifaransa walipoletwa kutoka Martinique. St. John inaonekana kwa macho kutoka St. Thomas. Wazungu waliouona moshi ule hawakuusahau haraka. Mtu mweusi anayejua kusoma, mtu mweusi anayekusanya wenzake usiku, hata kama anakusanya kwa ajili ya sala, alikuwa habari mbaya kwao.

Mwaka 1734 likaja kundi jingine la Wamoraviani, watu kumi na wanane, wakiwemo wana ndoa. Hawa walipangiwa St. Croix, kisiwa ambacho Denmark ilikuwa imetoka kukinunua kwa Wafaransa, wasimamie mashamba huku wakihubiri. Homa iliua zaidi ya nusu yao katika miezi michache. Wakatumwa wengine kuwasaidia, na wengi wa hao pia wakazikwa huko. Nalitaja hili kwa kifupi, lakini ni sehemu ya hoja: jaribio la kuzihamisha familia nzimanzima kutoka Saxony na kuzipanda Karibi kama miche lilikuwa limeshafanyika, na makaburi yalikuwa jibu.

Aliyekuta njia, na aliyezijua njia

Martin alifika St. Thomas mwaka 1736. Tofauti na waliotangulia, alimkuta mtu.

Rebecca alizaliwa Antigua, koloni la Waingereza, mnamo 1718. Akiwa na miaka sita au saba alitekwa akauzwa St. Thomas kwa familia ya van Beverhout, wenye mashamba wa asili ya Kiholanzi. Wakamweka kazi za ndani. Humo ndani alijifunza Kiholanzi, akajua kusoma na kuandika, akaipata Biblia. Wakamwacha huru, naye akaendelea kukaa kwao kama mtumishi. Kwa hiyo Martin alipofika, alikutana na msichana ambaye tayari alikuwa anaongea na Mungu na watu kwa lugha kadhaa: Kiholanzi cha mabwana, na ile Krioli ya Kiholanzi ya vibandani mwa watumwa, lugha mseto iliyokufa kabisa katika karne ya ishirini. Baadaye akaongeza Kijerumani cha wamisionari.

St. Thomas ni mgongo wa mlima uliotokeza baharini, kilomita za mraba themanini na kitu. Barabara zake ni za kupanda na kushuka. Watumwa walitoka shambani jua likizama, na hapo ndipo kazi ya Rebecca ilipoanza: kwa miguu, gizani, shamba hili hadi lile, kukaa na wanawake waliochoka, kuwasomea, kuwafundisha herufi, kusikiliza. Mchana alikuwa na kazi za ndani. Sijui ni wachungaji wangapi wangekubali ratiba hiyo.

Martin aliona haraka alichokuwa nacho mikononi, na aliona pia tatizo. Wamoraviani waliwagawa waumini katika makundi kwa jinsia na hali ya ndoa, na wanawake walipaswa kusikilizwa na mwanamke. Mwanamume mzungu kuingia usiku kwenye vibanda vya wanawake watumwa kulikuwa na maana moja tu kisiwani, na haikuwa maana ya kanisa. Bila Rebecca, nusu ya kazi haikuwepo. Lakini Rebecca peke yake, msichana asiyeolewa, hakuwa na nafasi rasmi.

Suluhisho alilopendekeza Martin lilikuwa ndoa. Freundlich, aliyekuja kumsaidia, amwoe Rebecca, ili wawe wana ndoa wa kazi, yeye kwa wanaume na mkewe kwa wanawake. Wala tusiipambe kwa mapenzi ya hadithini. Kwa Wamoraviani wa wakati ule ndoa nyingi zilipangwa hivyo, kwa ajili ya kazi, na mara nyingine kura ikapigwa ili Mungu aamue. Ajabu ya ndoa hii haikuwa kupangwa kwake. Ajabu ilikuwa kwamba katika kisiwa kile mzungu alikuwa anamwita mwanamke mweusi mke wangu, tena kanisani.

Rebecca alipata nini humo? Wengine husema heshima. Mimi naona alipata kazi aliyokuwa anaifanya tayari, sasa ikiwa na jina. Freundlich alipata zaidi: alipata kisiwa. Mlango uliofungwa kwa mfinyanzi aliyekula kwa gavana ulifunguliwa kwa mume wa Rebecca. Kwa mara ya kwanza Wamoraviani wa St. Thomas walikuwa na familia ya mchungaji iliyoshika mizizi, na mzizi wenyewe ulikuwa mwanamke wa hukohuko Karibi.

Kesi

Mashtaka hayakuanzia kwenye ndoa. Yalianzia kwenye wizi ambao haukuwahusu. Mtu mmoja aliyewahi kuwa mmisionari mwenzao alishtakiwa, na mwezi Oktoba Martin, Freundlich na Rebecca wakaitwa kutoa ushahidi. Mahakama ikawataka waape. Wakakataa, kwa sababu Mathayo 5 inasema, «Usiape kabisa», na Wamoraviani hao waliisoma aya hiyo kama ilivyoandikwa. Wakatiwa ndani.

Hapo ndipo mchungaji wa kanisa la Kiholanzi la mapokeo ya Calvin, Johannes Borm, alipopata nafasi aliyoingoja. Wenye mashamba wengi walikuwa waumini wake. Hoja yake ilikuwa ya kisheria, na lazima tukiri ilikuwa na kichwa na miguu. Martin, alisema, si mchungaji. Hakubarikiwa mbele ya kusanyiko lolote. Na kweli, Martin alikuwa amebarikiwa kwa barua. Nitschmann, yule seremala wa 1732, alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1735 kwa mikono ya Daniel Ernst Jablonski mjini Berlin, naye akampa Martin daraja la uchungaji kwa maandishi, bahari nzima ikiwa katikati. Kama Martin si mchungaji, ndoa aliyoifunga si ndoa. Kama si ndoa, Freundlich na Rebecca wanaishi kwa uasherati.

Msomaji wa Tanzania asiione hoja hii kuwa ya kipuuzi. Hata leo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kiongozi wa dini hafungishi ndoa bila leseni. Serikali yoyote hutaka kujua nani ana mamlaka ya kuwaunganisha watu, maana nyuma ya ndoa kuna urithi, watoto na mali. Nyuma ya ndoa hii kulikuwa pia na rangi. Wazungu wa St. Thomas waliishi na wanawake weusi na chotara mchana kweupe, wakazaa nao, na ngome haikuwa na haja nao. Freundlich angemchukua Rebecca kuwa hawara, Borm asingeandika hata mstari. Kosa lake lilikuwa kumwita mke. Neno hilo lingebaki, basi chini yake kulikuwa na mengine ya kutisha zaidi: shemeji, mkwe, mrithi, mtoto halali.

Ndiyo maana adhabu zilizokuwa zikiwasubiri hazikufanana. Mume alikabiliwa na faini na kifungo. Mke alikabiliwa na kupoteza uhuru wake na kurudi sokoni. Nimesema hadithi ya wamisionari waliojiuza si kweli. Mtu pekee katika misheni ile aliyefika ukingoni mwa utumwa kwa ajili ya injili ni huyu, na yeye utumwa alikuwa anaujua ladha yake.

Njia ambayo hawakuipita

Katika kila kisa cha namna hii mtu huuliza: si wangefanya hivi tu? Hapa kulikuwa na mlango mmoja wazi kabisa. Koloni lilikuwa la Wadenmark, na dini ya serikali ilikuwa Kilutheri. Wangeomba ndoa yao irudiwe na mchungaji anayetambulika, hoja kubwa ya Borm ingeanguka palepale. Na kiapo je? Kingeapwa kwa dakika moja.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu, na naamini wangepoteza zaidi ya walichokipata. Kukubali ndoa irudiwe ni kukubali kwamba Martin hakuwa na mamlaka ya kuifunga. Na kama hakuwa na mamlaka ya kufunga ndoa, hakuwa na mamlaka ya kubatiza. Watumwa watatu wa kwanza, Andreas, Paul na Nathanael, walibatizwa na Spangenberg, kiongozi mwingine wa Wamoraviani, alipopita kisiwani Septemba 1736. Hao walikuwa salama. Lakini wale wa Martin wangegeuka kuwa watu waliomwagiwa maji tu na fundi Mjerumani. Kwa mtumwa, ubatizo lilikuwa jina alilojichagulia mwenyewe, si lile aliloitwa na mnyapara. Rebecca alikaa gerezani kwa ajili ya ndoa yake, lakini alikuwa ameshikilia na ubatizo wa wenzake, na kwa kuwa ndiye aliyewafuata usiku kibanda kwa kibanda, alizijua sura zao.

Hapo natofautiana na wanaomsimulia kama mke mvumilivu aliyeteseka pamoja na mumewe. Freundlich alikuwa na pa kurudi. Kama mambo yangeharibika, angepandishwa meli kwenda Ulaya. Rebecca alikuwa na njia rahisi ya kujiokoa kuliko wote: aseme ndoa haikuwepo, amwache Mjerumani, arudi kazi za ndani kwa akina van Beverhout. Hakuifuata. Uamuzi mgumu kuliko yote ndani ya ngome ile ulikuwa wake.

Walikaa mahabusu zaidi ya miezi mitatu.

Kabaila anashuka bandarini

Tarehe 29 Januari 1739 meli ilitia nanga, na ndani yake alikuwamo Zinzendorf mwenyewe na wasaidizi wapya. Inasimuliwa kwamba kabla hawajashuka aliwauliza wenzake: na kama ndugu zetu wote wamekufa? Akajibiwa kwamba basi, sisi tupo. Swali halikuwa la kujionyesha. Kila mmoja alijua ya St. Croix.

Ndugu hawakuwa wamekufa, walikuwa wamefungwa. Zinzendorf alikwenda kwa gavana Frederik Moth, na mara moja wafungwa wakaachiwa. Ambacho hoja za maandiko na barua ya askofu hazikukiweza kwa miezi mitatu, cheo cha mtu mmoja kilikiweza kwa siku moja. Hili linanikera kila nikilisoma, na halinishangazi hata kidogo.

Zaidi ya wiki mbili baadaye, tarehe 15 Februari, Zinzendorf aliwaaga waumini weusi kwa hotuba ambayo Wamoraviani hawapendi kuikumbusha. Aliwaambia wawatii mabwana zao, na kwamba utumwa wa watu weusi ni adhabu iliyotoka kwa Mungu. Kuokoka kungewaweka huru na dhambi, si na bwana. Rebecca alikuwa ametoka ngomeni majuzi tu, ambako kisheria alikuwa karibu kurudishwa kuwa mali ya mtu. Halafu mkombozi wake akaja na mahubiri hayo.

Hotuba haikuwatuliza hata wenye mashamba. Umati wa wazungu ukawavamia waumini na kuwapiga. Ndipo waumini wenyewe wakafanya jambo ambalo hotuba haikuwafundisha: wakaandika barua za malalamiko kwenda kwa mfalme na malkia wa Denmark. Mmoja wa walioandika ni Marotta, bibi aliyetoka Popo, pwani ya Afrika Magharibi, aliyemwandikia Malkia Sophie Magdalene kwa lugha ya kwao na tafsiri ya Krioli pembeni, akiomba wanawake waachwe wamtumikie Bwana. Mabibi waliofundishana vibandani sasa walikuwa wanamwandikia malkia. Kazi ya usiku ilikuwa imezaa.

Nyumba ya mlimani

Sasa ile meza ya masharti. Wamoraviani walikuwa wamejifunza kutoka kwa Dober kwamba ukila kwa gavana utafunga mdomo. Katika miaka hiyohiyo, kwa msaada wa mwenye mashamba aliyewapenda, Johan Lorentz Carstens, mzaliwa wa kisiwa, walipata shamba lao. Wakaliita Posaunenberg, Mlima wa Tarumbeta. Baadaye likaitwa New Herrnhut. Pale wangeweza kusali bila kufukuzwa, kuzika, kulima, na kujitegemea.

Lilinunuliwa pamoja na watumwa wake.

Sina maelezo mazuri ya kuiweka sentensi hiyo. Wapo wanaosema misheni isingeishi bila shamba, na shamba la Karibi wakati ule halikuendeshwa bila watumwa. Ni kweli kwa hesabu. Lakini ukitaka kujua kwa nini familia za wachungaji hatimaye ziliweza kukaa visiwani, kuzaa na kuzeeka huko, jibu halihusu kuzoea joto wala mihogo. Zilikaa kwa sababu kulikuwa na watu waliolazimishwa kulima. Rebecca, aliyeuzwa akiwa na miaka sita au saba, alikuwa sehemu ya kanisa lenye vibanda vya watumwa nyuma ya nyumba ya ibada. Uhuru wa watumwa wa visiwa vile ulikuja tarehe 3 Julai 1848, zaidi ya miaka mia moja baada ya kesi yake.

Sasa naweza kulijibu lile swali la mwanzo. Ndoa ilikuwa kesi kwa sababu ilikuwa njia ya tatu ya kukaa kisiwani. Njia mbili zilizoruhusiwa zilikuwa kula kwa bwana, kama Dober, au kuwa bwana, kama Posaunenberg. Kuingia kwa mlango wa mwanamke mweusi, ukawa mkwe wa vibandani, hakukuwa na fungu la sheria, na Borm aliliona hilo mapema kuliko Wamoraviani wenyewe.

Baada ya St. Thomas

Freundlich na Rebecca waliendelea na kazi. Wakapata binti. Mwaka 1742 familia iliondoka kwenda Ujerumani. Freundlich alifariki kabla ya kufika Herrnhut, na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Rebecca hakuwa amefikisha miaka 25. Kule wanawake wa Kimoraviani walivaa kofia nyeupe ya kitambaa, imefungwa kidevuni kwa utepe wa rangi kulingana na hali ya mtu: bluu kwa mke, mweupe kwa mjane. Nchi ya ugenini, baridi, Kijerumani kila upande, na hata kaburi la mume liko njiani.

Mwaka 1746 aliolewa tena, na Christian Protten, Mmoraviani aliyezaliwa Gold Coast kwa baba Mdenmark na mama wa kabila la Waga, mtu aliyeandika sarufi ya lugha za kwao. Mchoraji Johann Valentin Haidt aliwachora wote wawili na binti yao mdogo katikati, ndiyo maana tunaijua sura ya Rebecca. Katika miaka ya 1760 wakaenda Gold Coast kufundisha shule ya watoto chotara kwenye ngome ya Christiansborg, pale Accra. Protten alifariki mwaka 1769. Rebecca alibaki huko hadi kifo chake mwaka 1780, hakuiona tena St. Thomas. Christiansborg ilikuwa ngome ya Wadenmark kama ile iliyomfunga ujanani, na kutoka kwenye malango yake watu walipakiwa melini kupelekwa visiwa vilevile.